Kwa Mwendo wa Watoto: Mwongozo wa Kuipeleka Familia ya Kikristo Milimani Lushoto

Kumbukumbu la Torati 6:7 inamwagiza mzazi kuyanena maneno ya Mungu kwa watoto wake "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Kuketi tunajitahidi. Kulala pia tunajitahidi: ipo sala ya usiku, ipo ibada ya jioni sebuleni. Njiani ndiko kulikobaki patupu. Watoto wetu wa mjini wanaijua njia ya shule, ya kanisani na ya dukani, na zote wanazipita wakiharakishwa.

Naamini kwa moyo wote kwamba familia inayotembea pamoja nje, hata mara moja kwa mwaka, inapata kitu ambacho sebule haikitoi. Mtoto anamwona baba yake akihema. Anamwona mama akicheka baada ya kuteleza kwenye tope. Anasikia sala ikiombwa kwa sababu ukungu umeshuka kweli na njia haionekani. Nyumbani mzazi anaweza kuificha tabia yake kwa ratiba na mlango wa chumbani, lakini mlimani watoto wanaiona yote, na hapo ndipo wanapojua kama yale tunayoyasoma jioni tunayaishi.

Mwongozo huu ni wa safari ya usiku tatu Lushoto, mkoani Tanga. Nimepachagua kwa sababu basi linafika, njia za kutembea ni fupi kiasi cha mtoto wa darasa la kwanza kuziweza, hewa ni ya baridi, na familia ya kipato cha kawaida inaweza kulala kwenye nyumba za wageni, zikiwemo za kanisa, bila kukopa. Ukiwa Moshi, Morogoro, Mbeya au Nairobi, unaweza kuzifuata hatua hizi hizi kwenye milima na misitu iliyo karibu nawe.

Kwanza, malizeni suala la pesa na dhamiri

Wapo wazazi wanaoona aibu kutumia pesa kwa matembezi huku kuna mchango wa ujenzi wa kanisa, ada ya Januari na harusi ya mtoto wa shangazi. Nawaelewa. Lakini someni Marko 6:31 mkiwa wawili, mume na mke. Mitume wamerudi kutoka kazini, watu wanakuja na kuondoka, hakuna hata nafasi ya kula, na Bwana anawaambia waende faraghani, mahali pasipokuwa na watu, "mkapumzike kidogo." Kazi iliyokuwa mbele yao ilikuwa kubwa kuliko mchango wowote tunaoujua, na bado aliwaita pembeni.

Kwa hiyo fungeni fungu la safari mapema, kidogo kidogo, kwenye simu au kwa mweka hazina wa familia, na mlipange pamoja na sadaka zenu ili lisije likaila zaka wala ada. Watoto wajue kiasi kinavyoongezeka. Mtoto aliyekosa soda kwa miezi kadhaa ili safari ifanikiwe ataithamini kuliko yule aliyeamshwa asubuhi na kuambiwa apande gari.

Hatua ya 1: Chagueni majira, na msijaze ratiba

Mji wa Lushoto uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwenye Usambara Magharibi. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na udongo mwekundu wa huko ukilowa unateleza vibaya, tena barabara ya kupanda huweza kuangukiwa na udongo. Likizo ya Juni na Julai ni nzuri kwa sababu ni kavu, ila baridi yake ni ya kweli na ukungu huweza kukaa hadi saa nne asubuhi. Januari na Februari ni vipindi vya jua, kama ratiba ya shule inaruhusu.

Siku ya kwanza ni ya kusafiri, ya pili ni ya ukingo wa mlima wa Irente, ya tatu ni ya msitu wa Magamba, na ya nne ni ibada na kurudi. Yatosha. Mlalo, Mtae na Bumbuli viacheni kwa safari nyingine. Baba mwenye orodha ya vivutio saba atawaburuza watoto siku nzima, na jioni hakuna atakayekumbuka alichokiona.

Hatua ya 2: Gawaneni kazi, na mmoja awe wa kuhesabu watu

Wiki moja kabla, kaeni kikao cha familia. Kila mtoto apewe kazi yake ya safari nzima: mmoja abebe sanduku la huduma ya kwanza, mwingine atunze maji, mwingine achague zaburi za jioni. Mtoto wa miaka minane apewe kazi kubwa kuliko zote, ya kuhesabu watu.

Fungueni Luka 2 kuanzia mstari wa 41 na mwasomee. Yusufu na Mariamu walikuwa wazazi wacha Mungu, wanaopanda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu. Walisafiri na jamaa na marafiki. Wakatembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara, na kila mmoja bila shaka akidhani yuko na mwingine. Ikawachukua siku tatu kumpata. Simulizi hii huhubiriwa sana kwa ajili ya jibu la Yesu hekaluni, na ni sawa, lakini mzazi anayesafiri na watoto wake, wa dada yake na wa jirani anapaswa kuisoma pia kwa ajili ya lile kosa la njiani.

Sheria yenu iwe hivi: mnahesabu mkishuka kwenye chombo, mnahesabu kabla ya kuondoka mlipopumzika, mnahesabu kila njia inapogawanyika. Mhesabuji anataja namba kwa sauti. Ikipungua, wote mnasimama palepale, na mtu mzima mmoja tu ndiye anayerudi nyuma kutafuta. Andika namba za simu za wazazi wote wawili kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa kola ya kila mtoto, maana mtoto mwenye hofu husahau hata jina la mama yake. Mfundishe pia kwamba akipotea asitembee: asimame karibu na mti mkubwa, aite, au apulize filimbi. Filimbi za plastiki za walimu wa michezo ni bei ndogo, kila mtoto avae yake shingoni.

Hatua ya 3: Fungasheni kwa baridi, si kwa picha

Sweta nzito, soksi, kofia ya kufunika masikio na koti la mvua kwa kila mmoja. Raba zenye meno chini. Ndala zibaki kwa ajili ya bafuni. Suruali ndefu zinazoweza kuchomekwa ndani ya soksi, kwa sababu msituni kuna siafu. Gauni na shati la Jumapili vikunjwe chini kabisa ya begi.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na plasta, bandeji, dawa ya kusafishia kidonda, dawa ya maumivu ya watoto, chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, na dawa ya kila siku ya yeyote mwenye pumu au kisukari. Bebeni kadi za bima. Mjini Lushoto kuna hospitali ya wilaya, lakini hakikisheni mnajua ilipo kabla hamjaihitaji.

Chakula cha njiani kipikwe nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, ndizi. Malaika alipomkuta Eliya amelala chini ya mretemu, hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake (1 Wafalme 19). Mzazi akishalielewa hilo, nusu ya ugomvi wa watoto njiani huisha, maana nusu yake ni njaa.

Hatua ya 4: Pandeni mlima kutoka Mombo kabla ya giza

Kutoka Dar es Salaam mabasi ya Lushoto huondoka Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, yakipita Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo. Chukueni la alfajiri. Mombo ndipo mnapoiacha barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha na kuanza kupanda, kilomita kama 33 za lami nyembamba yenye kona zisizoisha, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Wenye gari binafsi watumie gia ndogo kushuka na kupanda, wapige honi kabla ya kona, na wasiipande usiku kama hawaijui.

Watoto watatapika. Si wote, lakini atakayetapika hatatoa taarifa mapema. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo bebeni kopo la majarini tupu lenye mfuniko unaobana, moja kwa kila mtoto, na kitambaa chenye maji. Mwenye tabia ya kichefuchefu akae mbele, atazame mbali kupitia kioo cha mbele, asisome wala asishike simu. Asubuhi hiyo asinywe maziwa wala asile vitu vya mafuta.

Soni iko njiani, na maporomoko yake yanaonekana kutoka barabarani. Kama mna gari lenu, simameni hapo dakika chache watoto wapate hewa. Hesabuni watu kabla ya kuondoka.

Hatua ya 5: Siku ya Irente

Kutoka mjini Lushoto hadi ukingo wa Irente ni matembezi ya kilomita zipatazo sita, yakipita kijiji cha Yoghoi na mashamba ya kabichi, mahindi na miti ya matunda. Ondokeni saa mbili asubuhi. Kama mmesafiri na bibi au babu, teksi inafika karibu kabisa na ukingo, na hakuna sababu ya kuwaacha nyumbani. Watoto wanahitaji kumwona mzee akisimama mbele ya kazi ya Mungu akinyamaza.

Njiani mtapishana na akina mama wenye kuni kichwani na wazee wakielekea shambani. Watoto wako ndio waanze: "Shikamoo bibi." Utasikia "Marahaba wajukuu zangu, mwaenda wapi na baridi hii?" na mazungumzo yataanza. Wenyeji wengi wa huku ni Waislamu, adhana mtaisikia alfajiri, na ukarimu wao kwa wageni ni mkubwa. Huu ni wakati mzuri wa mtoto wa Kikristo kujifunza kumheshimu jirani kwa vitendo: kusalimu kwanza, kupisha njia, kuomba ruhusa kabla ya kupita shambani kwa mtu au kupiga picha.

Msimu wa matunda ukiwakuta, nunueni mapeasi na mafyulisi kwa watoto na akina mama wanaouza kando ya njia, wala msibishane sana bei. Ila mkikuta kijana amemfunga kinyonga kwenye kijiti ili alipwe picha, pita. Ukilipa, kesho atakamata wawili.

Sasa ukingo wenyewe. Ardhi inakatika ghafla, na tambarare iko chini yenu karibu mita 1,000, Mombo, mashamba ya katani ya Mazinde na nyika inayokwenda hadi macho yanapochoka. Mahali hapa pana uzuri wa kutisha, na hatari yake ni ya kweli. Kabla hamjafika, simamisheni watoto na mpange: kila mtoto mdogo ashikwe mkono na mtu mzima mmoja, si na kaka yake. Hakuna kukimbia, hakuna kurusha mawe, na picha zinapigwa watu wote wakiwa wameketi. Mwamba ukiwa na umande, kaeni nyuma kabisa. Ukungu ukiwa umefunika, msisogee, ngojeni ufunguke.

Mkishaketi salama, mtoto aliyepewa kazi ya zaburi asome ya 121. "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Mwache afike mstari wa pili, "Msaada wangu u katika Bwana, aliyezifanya mbingu na nchi," halafu muulize swali moja: mwimbaji anasema msaada unatoka mlimani au kwa nani? Watoto wakubwa hulipata haraka. Wadogo hujibu "mlimani," na ni vizuri, mna siku nzima ya kulizungumza. Usihubiri. Dakika tano zinatosha, kisha toa chapati.

Irente ina jambo jingine la kuwaambia watoto wa kanisa. Eneo kubwa la hapo linamilikiwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, yenye makao yake makuu Lushoto. Kanisa linatunza hapo hifadhi ya bioanuwai na shamba linalojulikana kwa jibini, mkate na jemu, ambako familia inaweza kula mchana. Injili yenyewe ilipandishwa milima hii na wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani, walioanza kituo chao Mlalo mwaka 1891. Waambie watoto kwamba waliopokea, wakatafsiri, wakafundisha na kuyajenga makanisa haya kijiji kwa kijiji walikuwa Wasambaa wenyewe, wakizipanda kwa miguu njia hizi hizi.

Hapo Irente kanisa lina pia shule ya watoto wasioona. Msiende kuwatazama. Wale ni wanafunzi, hawako hapo kwa ajili ya watalii. Kama familia yenu imeguswa, ulizeni ofisi ya dayosisi namna ya kuchangia, na kama mtakaribishwa, mwende kama wageni wanaokaribishwa.

Hatua ya 6: Siku ya msituni, kwa mwendo wa watoto

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote.

Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Pitieni ofisini mlipe kiingilio kwa namba ya malipo ya serikali, na mchukue mwongoza wageni wa hapo. Kiwango cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni wa nje, kwa hiyo bebeni vitambulisho. Bei ya mwongozaji kubalianeni kabla hamjaanza, na mwambieni waziwazi: tuna mtoto wa miaka sita, tunataka njia ya saa mbili au tatu, na tunataka kuwa nje kabla ya saa tisa alasiri. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, lakini chini ya miti mikubwa giza huingia mapema.

Katika Mwanzo 33 Esau anamtaka nduguye Yakobo waondoke pamoja, na Yakobo anakataa kwa upole: watoto ni wachanga, wanyama wananyonyesha, wakiharakishwa siku moja tu watakufa. Anaomba Esau atangulie, naye Yakobo atakuja polepole kwa kadiri ya mwendo wa wanyama na wa watoto. Yakobo huyu ndiye aliyepambana maisha yake yote kuwa wa kwanza. Sasa yuko tayari kuwa wa mwisho kufika kwa ajili ya watoto. Akina baba, tulifanyie kazi andiko hili. Mtoto mdogo kuliko wote awekwe mbele kabisa, nyuma ya mwongozaji, na wote mfuate hatua zake. Baba awe wa mwisho katika mstari, ili asiwepo mtu nyuma yake. Mwenda pole hajikwai, na kwenye mizizi ya Magamba utauona ukweli wake kwa magoti.

Kwa mwendo huo mtaona mengi. Mbega wenye manyoya meupe mabegani wataruka juu ya vichwa vyenu, kima watawachungulia. Mwombeni mwongozaji awatafutie kinyonga. Usambara Magharibi wapo wenye pembe mbili fupi mbele ya pua, madume. Mwacheni palepale kwenye tawi. Piga goti, macho yako yawe usawa na ya mtoto wako, kisha mtazame pamoja. Jicho moja linamtazama mtoto, jingine linazunguka kivyake kutafuta mdudu nyuma. Vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili na vimelikumbatia tawi kama koleo. Anataka kupiga hatua, anasita, anayumba mbele na nyuma, ndipo anaweka mguu. Nilimsikia msichana mmoja akimnong'oneza baba yake hapo, "Baba, huyu Mungu alimtengeneza polepole, eeh?" Baba akamjibu, "Unaonaje mwanangu?" Wakanyamaza wote wawili, wakaendelea kumtazama. Jibu lile lilikuwa bora kuliko maelezo yoyote. Ayubu 12:7 inasema, "uwaulize hao wanyama, nao watakufundisha." Mpe mnyama nafasi ya kufundisha kabla hujaingilia.

Mahali penye gogo la kukaa, fanyeni dakika tano za kimya. Macho yafumbwe, kila mtoto ahesabu kwa vidole sauti anazozisikia: ndege, maji, jani, upepo, pumzi ya jirani. Baadaye kila mmoja ataje moja na kumshukuru Mungu kwa hiyo kwa sentensi moja. Hii ndiyo ibada ya msituni. Vijana wa sekondari watajifanya hawajali, waacheni. Wao pia huwa wamesikia.

Waonyesheni pia maua. Urujuani wa Usambara, ua dogo la zambarau linalopandwa leo kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, asili yake ni milima na misitu ya Tanga. Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa Kijerumani Tanga, aliupeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la kisayansi linalotokana na ukoo huo, Saintpaulia. Mungu alikuwa ameupanda kwenye miamba yenye kivuli muda mrefu kabla. "Fikirini maua ya mashamba," alisema Bwana. Msiling'oe hata moja.

Mkitoka msituni, simameni mtazame mashamba yaliyolimwa hadi mlangoni mwa hifadhi. Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, kazi zote mbili. Mtoto ataelewa akionyeshwa: hapa pamelimwa kwa matuta na udongo umebaki, pale pamelimwa kushuka mteremko na mvua imeufanya mto uwe mwekundu. Mto Umba unaanzia kwenye misitu ya Usambara Magharibi na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Vanga, upande wa Kenya. Anayekata mti huku anamgusa mvuvi wa kule. Wale wa Nairobi wanaotembea Karura wawasimulie watoto wao habari za Profesa Wangari Maathai, aliyeshambuliwa Januari 1999 akipanda mti kuutetea msitu huo, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Taka zenu zote, hata maganda ya mayai, zirudi nanyi. Maji ya kijito msiyanywe bila kuyachemsha.

Hatua ya 7: Mambo yakiharibika

Yataharibika. Mvua itanyesha siku iliyotabiriwa jua, mtoto wa kati atakataa kutembea, na baba na mama watatofautiana mbele ya watoto kuhusu muda wa kurudi. Usidhani safari imepotea.

Mtoto akigoma, keti naye. Mpe maji, mpe karanga, vua kiatu uangalie kama kuna malengelenge. Mara nyingi yapo. Usimlinganishe na dada yake. Akikataa kabisa baada ya hapo, wote mnarudi, na hakuna wa kumlaumu jioni. Kilele chochote kisichofikiwa kitakuwepo mwakani.

Ukiwa umewapotosha njia, sema kwa sauti, "Nimekosea, tunarudi." Ukimfokea mke wako au mume wako, muombe msamaha palepale, watoto wakisikia. Wengi wetu tulilelewa na wazazi waliotupenda sana lakini hatukuwahi kuwasikia wakisema "nisamehe." Mtoto anayelisikia neno hilo kutoka kwa baba mwenye tope hadi magotini ataielewa sala ya Bwana kwa namna mpya.

Radi ikianza, tokeni maeneo ya wazi, wala msikae chini ya mti uliosimama peke yake. Mwongozaji akisema turudi, rudini bila mjadala.

Jioni, baada ya maji ya moto na ugali, ulizeni mezani maswali mawili tu: leo uliona wapi uzuri wa Mungu, na leo nani alikusaidia? Swali la pili ndilo linaloponya ugomvi wa mchana, kwa sababu yule aliyekubebea begi ni yule mliyegombana naye.

Hatua ya 8: Jumapili, salini na wenyeji

Msiifanye Jumapili kuwa siku ya kukimbilia basi la asubuhi. Ulizeni Jumamosi ibada inaanza saa ngapi, kateni tiketi ya baadaye au lala siku moja zaidi. Walutheri watajikuta nyumbani. Mkatoliki au Mpentekoste naye hatakosa pa kusali. Mkiulizwa wageni wasimame, simameni wote, na mtoto mmojawapo atoe salamu za kanisa lenu.

Baada ya ibada, kwenye sharika nyingi za Kilutheri kuna mnada wa sadaka za mazao uwanjani: kabichi, mayai, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu. Mpe kila mtoto kiasi kidogo ashiriki mwenyewe. Mweleze kwamba pale watu hununua kwa bei ya juu kuliko sokoni kwa makusudi, kwa sababu wanatoa, na kwamba mtu anaweza kununua kabichi kisha akairudisha inadiwe tena. Mtoto wa mjini anayedhani sadaka ni noti iliyokunjwa tu atamwona hapo mama aliyeleta mayai manne na uso unaong'aa.

Hatua ya 9: Mkirudi nyumbani

Fueni raba, anikeni makoti, jazeni upya sanduku la huduma ya kwanza kabla hamjalisahau. Wiki hiyo hiyo watoto wapewe nafasi ya kusimulia kwenye jumuiya au shule ya Jumapili, kwa maneno yao, bila kusahihishwa na wazazi. Chagueni picha chache mzichapishe. Zilizobaki kwenye simu hazitatazamwa.

Kisha anzeni matembezi madogo ya karibu, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi: ufukweni, bonde la mto, kilima cha nyuma ya kijiji, yoyote yasiyo na nauli kubwa. Mhesabuji wa watu abadilishwe kila mwezi. Na kama mnafikiria kurudi Lushoto kwenye likizo ya Desemba, kumbukeni ni msimu wa vuli: pigeni simu ofisi ya hifadhi siku moja au mbili kabla, muulize hali ya njia ya msituni na ya barabara ya Mombo, ndipo mkate tiketi.